Kujifungua kwa Operesheni: Panga Mapema, Uliza, Uondoke na Karatasi

Kati ya operesheni zote zinazofanyika katika hospitali za Afrika, inayoongoza ni ile ya kumtoa mtoto. Utafiti uliofuatilia wagonjwa wa upasuaji katika nchi 25 za bara hili, ukachapishwa mwaka 2018, ulikuta kuwa operesheni moja kati ya kila tatu ilikuwa ya kujifungua. Na idadi inapanda. Tanzania, watoto waliozaliwa kwa njia hiyo walikuwa asilimia 6 katika takwimu za 2015/16. Kufikia 2022 wakawa asilimia 11. Kenya walitoka asilimia 9 mwaka 2014 hadi 17 mwaka 2022. Kwa dunia nzima, Shirika la Afya Duniani lilieleza mwaka 2021 kwamba kiwango kilitoka kama asilimia 7 mwaka 1990 hadi 21, na huenda kikakaribia 29 ifikapo 2030.

Chukua hesabu hiyo uilete mtaani kwako. Ukiona wajawazito tisa wamepanga foleni kliniki Tanzania, yupo mmoja kati yao atakayepita chumba cha upasuaji. Kenya ni mmoja kati ya sita. Hata hivyo bado tunajiandaa kwa uzazi kana kwamba kisu ni habari ya watu wengine: tunanunua beseni, kanga, pamba na nguo za mtoto, na siku daktari anaposema "tunampeleka thieta", nyumba nzima inaanza kukimbizana usiku wa manane kutafuta nani wa kutoa damu na nani mwenye hela.

Sehemu kubwa ya ongezeko hili ni habari njema, nami naifurahia waziwazi. Wanawake wengi zaidi wanazalia vituoni: Tanzania walikuwa asilimia 63 mwaka 2015/16, wakafika 81 mwaka 2022. Tangu 2017 serikali imekuwa ikijenga vyumba vya upasuaji kwenye vituo vya afya, hata vile vilivyo mbali na makao makuu ya wilaya. Na madaktari wasaidizi, kada ambayo Tanzania ilianza kuifundisha mwaka 1963, wamebeba operesheni nyingi sana za wilayani kwa miaka yote hii. Mama ambaye zamani angepasukiwa na mfuko wa uzazi akiwa juu ya baiskeli, leo anapona.

Sehemu nyingine hainifurahishi. Mwaka 1985 wataalamu waliokutana Fortaleza, Brazil, walisema hakuna sababu ya nchi kuvuka asilimia 10 hadi 15. Mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani likaeleza kwamba, kwa ngazi ya nchi, kiwango kikishapita asilimia 10 vifo vya mama na mtoto havionekani kupungua zaidi. Kwetu wastani unaficha mambo mawili yanayotokea kwa wakati mmoja: mama wa kijijini anaikosa operesheni aliyoihitaji, na wa mjini mwenye bima anafanyiwa ambayo pengine hakuihitaji. Kwa hiyo ushauri ninaoutoa hapa ni wa wote wawili. Ujiandae kama vile itakuwepo, uulize kama vile huenda isiwe lazima, na ikishafanyika ujue ulichofanyiwa.

Kabla ya wiki ya 36

Jambo la kwanza ni kuchagua mahali. Usiulize "mna thieta?", maana watakujibu ndiyo na wewe utaondoka umeridhika. Uliza hivi: "Nesi, mama akihitaji operesheni hapa Jumapili saa nane usiku, inafanyika hapahapa au anahamishwa?" Swali hilo litakuonyesha kama mtaalamu wa usingizi analala karibu, kama jenereta lina mafuta, na kama kuna damu kwenye friji. Jibu likiwa ni kuhamishwa, uliza huwa wanahamishiwa wapi na kwa gari gani. Kwa Tanzania, hifadhi kwenye simu yako na ya mumeo namba 115 ya m-mama, ambayo ni ya bure na hupanga usafiri wa dharura kwa wajawazito, waliojifungua na watoto wachanga.

Halafu damu. Kipimo cha wingi wa damu unachopimwa kliniki usikiache kiwe maandishi tu kwenye kadi. Muulize nesi kama kinatosha. Mama anayeingia thieta akiwa na damu pungufu hana akiba ya kupoteza, na operesheni hupoteza damu zaidi ya uzazi wa kawaida. Meza vidonge vya kuongeza damu hadi mwisho hata kama vinafanya choo kiwe cheusi na kigumu. Kunywa maji mengi, kula matunda, na usivimeze pamoja na chai kwa sababu chai huzuia madini ya chuma yasifyonzwe. Jua kundi lako. Ukiwa hasi, yaani huna Rh, sema mapema, kwa kuwa mtoto akizaliwa akiwa chanya unahitaji sindano ya kinga ndani ya saa 72. Ndugu wawili watatu walio wazima wakachangie damu benki ya damu wiki kadhaa kabla. Damu ikishatolewa hupimwa kwanza, kwa hiyo shemeji anayekuja mbio kutoka kazini usiku huohuo hawezi kutolewa chupa ukawekewa palepale.

Hela. Sera ya Tanzania inasema huduma za uzazi katika vituo vya umma ni bure, lakini anayekwenda mikono mitupu mara nyingi hujikuta anatumwa duka la dawa. Weka akiba kidogo kidogo tangu mimba ikiwa changa. Mwenye bima aulize, tena kwa ofisi ya bima yenyewe, kama operesheni ya dharura na ya kupangwa zote zinalipiwa, na kama siku za mtoto wodi ya watoto wachanga zimo.

Na kuna hili la nani anaamua. Fomu ya kukubali upasuaji inasainiwa na mama mwenyewe, maana mwili ni wake. Lakini sote tunajua yanayotokea: mama amechoka, mama mkwe anasema subirini mume, mume simu haipatikani. Kaeni chini wote watatu mapema, mkubaliane kwa maneno ya wazi kwamba daktari akisema ni dharura, mama anasaini na taarifa itawafuata. Mtoto aliyechoka tumboni hangoji simu iwashwe.

Wanapokuambia "ni operesheni"

Ikiwa ni dharura ya kweli, mazungumzo ni mafupi, na mwachie daktari afanye kazi. Kitovu kimetangulia kutoka, kondo la nyuma limefunga njia na damu inatoka, mtoto amelala kingamo na uchungu umeanza, njia imefunguka yote na mtoto hashuki licha ya juhudi zote, mapigo ya mtoto yanashuka na hayarudi: hapa hakuna la kujadili.

Kama kuna nafasi ya kupumua, uliza maswali matatu. Sababu ni ipi hasa? Tukisubiri saa mbili, kuna hatari gani? Kuna njia nyingine ya kujaribu kwanza? Uliza kwa adabu ya kawaida: "Samahani daktari, naomba nielewe." Mtaalamu mzuri hakasiriki kwa kuulizwa, na mara nyingi jibu linakutoa hofu.

Zipo sababu ambazo peke yake hazitoshi, na inafaa uzijue kwa majina. Kitovu kuzunguka shingo, kilichoonekana kwenye picha ya ultrasaundi, ni jambo la kawaida mno na watoto wengi huzaliwa nacho wakiwa wazima. Mtoto "mkubwa" kwa kipimo cha ultrasaundi, kwa mama asiye na kisukari, ni makadirio tu, na makadirio hayo hukosea kwa gramu mia kadhaa. Ufupi wa mama vilevile. Nyonga haipimwi kwa macho.

Sababu ambayo naiona inawapeleka wengi kisuni pasipo lazima ni haraka ya saa za mwanzo. Kwa miaka mingi wakunga walifundishwa kwamba njia inapaswa kufunguka sentimeta moja kila saa. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2018 uliachana na kipimo hicho, ukasema uchungu wenyewe unahesabiwa kuanzia sentimeta 5, na kabla ya hapo mwendo wa polepole si sababu ya kumpasua mama ikiwa yeye na mtoto wako salama. Kwa hiyo ukiambiwa uchungu "hauendi", uliza umefunguka sentimeta ngapi. Ukiwa na tatu na kila kitu kiko sawa, tembea, kunywa kitu, na uwe na mtu wako karibu. Mwenza wakati wa uchungu amethibitika kuongeza uwezekano wa kujifungua kwa njia ya kawaida. Penye wodi inayoruhusu, mwite dada yako au mama yako akae nawe.

Kwa mtoto aliyekaa kitako, uliza kati ya wiki ya 36 na 37 kama kuna daktari anayejua kumgeuza kwa kusukuma tumbo kwa mikono. Si kila hospitali ina mtu huyo, lakini kuuliza hakugharimu kitu.

Na ikiwa operesheni imepangwa bila dharura, tarehe isiwe kabla ya wiki ya 39 isipokuwa kuna sababu ya kitabibu. Mtoto anayetolewa mapema kwa sababu ya ratiba ya watu wazima huweza kuhangaika kupumua. Kwa operesheni ya kupangwa, acha chakula saa sita kabla, na mafuta mengi mapema zaidi. Maji matupu kwa kawaida huruhusiwa hadi saa mbili kabla. Uliza utaratibu wa hospitali yako, uufuate huo.

Ndani

Wengi huchomwa sindano ya mgongo, kwa hiyo utakuwa macho. Utahisi kuvutwa na kusukumwa, lakini si ukali wa kisu. Ukisikia kisu, sema kwa sauti. Kabla hawajaanza kukata unapaswa kupewa dawa ya kuzuia maambukizi kwenye mshipa, unaweza kuuliza ukiwa bado umekaa kitandani, "nimeshachomwa ile ya kuzuia usaha?" Kichefuchefu na kutetemeka ni kawaida. Mtoto akitoka salama, omba awekwe kifuani na anyonye ndani ya saa ya kwanza; ganzi haizuii kunyonyesha. Ukitaka kitanzi, waweza kuwekewa hapohapo kondo likishatoka, lakini uamuzi huo uufanye kliniki, siyo ukiwa umelala chini ya taa.

Kuna maneno mitaani kwamba sindano ya mgongo humwachia mama maumivu ya mgongo ya maisha. Tafiti hazijaonyesha hivyo. Mgongo wa mzazi huuma kwa kubeba, kuinama na kunyonyesha, aliyepasuliwa na asiyepasuliwa. Kinachoweza kuletwa na sindano ni kichwa kinachouma vikali ukikaa na kupoa ukilala. Hicho mwambie daktari, kina matibabu.

Mshono, na suala la kukandwa

Kuamka mara ya kwanza ndiko kunakowatisha wengi, na kuna ufundi wake. Usijaribu kuinuka chali. Kunja magoti, geukia ubavu mzima mzima, teremsha miguu kitandani, kisha jisukume kwa mkono hadi ukae. Kaa kidogo kizunguzungu kipite. Shikilia mshono kwa mto mdogo au kanga iliyokunjwa unapokohoa au kucheka. Fanya hivyo siku ileile au kesho yake, mpira wa mkojo ukishatolewa au hata kabla, kwa sababu kulala tu kunaalika damu kuganda miguuni. Dawa ya maumivu imeze kwa saa zake, usingoje mpaka uzidiwe. Mama mwenye maumivu hatembei wala hanyonyeshi vizuri.

Nyumbani ndiko kwenye mgongano. Bibi amepika uji wa pilipili manga na mtori, na hapo namuunga mkono kabisa. Kisha anachemsha maji, anachovya taulo, anataka kumkanda mwanawe tumboni kama alivyokandwa yeye. Hapa naomba tusimame, kwa heshima yote. Ngozi inayozunguka mshono huwa na ganzi kwa wiki nyingi kwa kuwa neva zimekatwa. Mama anaunguzwa na hasikii, na malengelenge juu ya kidonda kibichi ni mlango wa usaha. Mpe bibi kazi nyingine anayoijua: amkande miguu, mgongo na mabega kwa maji ya uvuguvugu, amfue nguo, ambebe mtoto mama apate usingizi. Tumboni pasiguswe. Asiweke majivu, dawa ya meno, asali wala majani. Baada ya siku mbili mshono unaoshwa kwa maji safi na sabuni ya kawaida, unakaushwa kwa kugusagusa na kitambaa safi, unaachwa upate hewa. Mwenye tumbo linalofunika mshono alale chali kila siku kwa muda, anyanyue ngozi, pakauke. Vaa chupi pana inayopanda juu ya mshono. Usibebe ndoo ya maji wala mtoto mkubwa kwa wiki sita, na hili linamhusu baba mwenye nyumba zaidi kuliko mama.

Maambukizi mengi hujitokeza mama akiwa ameshatoka hospitali, ndiyo maana mtu wa kuangalia mshono kila siku ni wewe na walio nawe. Rudi siku hiyohiyo ukiona homa, usaha au harufu, mshono kuachia, pedi kulowa damu ndani ya saa moja, mguu mmoja kuvimba na kuuma, kupumua kwa shida, au mkojo kuvuja wenyewe. Kichwa kuuma sana na macho kuona ukungu ni dalili za kifafa cha mimba, nacho huweza kuja hata mtoto akiwa na wiki kadhaa.

Sitaki kukutisha, lakini ni haki ujue. Utafiti wa nchi 22 za Afrika uliochapishwa mwaka 2019 ulikuta vifo kama vitano kwa kila akina mama elfu moja waliojifungua kwa operesheni, mara 50 ya nchi tajiri. Kutoka damu na matatizo ya dawa ya usingizi yalikuwa miongoni mwa sababu kuu. Kila nililolisema juu ya damu, mahali na dalili linatokana na hapo.

Karatasi

Kama ungesoma sehemu moja tu ya makala hii, ningependa iwe hii.

Siku ya kuruhusiwa, mama hupewa karatasi. Mara nyingi imeandikwa kwa haraka kwamba operesheni imefanyika, mama na mtoto wazima, arudi baada ya siku saba. Miaka mitatu baadaye anapata mimba nyingine, pengine ameshahamia mkoa mwingine. Daktari mpya anamuuliza kwa nini alipasuliwa. Anajibu, "Waliniambia mtoto alichoka." Anamuuliza mfuko wa uzazi ulipasuliwa vipi. Mama anamwonyesha mshono wa tumboni.

Mshono wa tumboni haumwambii daktari chochote juu ya mfuko wa uzazi. Ngozi inaweza kukatwa kwa ulalo chini ya kitovu, juu kidogo ya kinena, huku mfuko umepasuliwa wima. Na kinyume chake pia. Tofauti hiyo ni kubwa. Aliyepasuliwa mfuko kwa ulalo sehemu ya chini, mara moja tu, anaweza kufikiriwa kuzaa kwa njia ya kawaida. Aliyepasuliwa wima sehemu ya juu hapaswi hata kuachwa aingie kwenye uchungu, kwa kuwa kovu la pale hupasuka kirahisi. Daktari asiyejua anabaki na njia moja ya usalama, nayo ni kukupasua tena. Ndivyo operesheni nyingi za pili zinavyozaliwa.

Kwa hiyo usishuke kitandani kwenda nyumbani kabla hujasema: "Daktari, naomba uniandikie hapa." Unataka tarehe na jina la hospitali; sababu ya operesheni; njia ilikuwa imefunguka sentimeta ngapi; mfuko ulipasuliwa kwa ulalo chini au wima, na kama ulichanika zaidi; damu uliyopoteza na uliyoongezwa; kondo lilikuwa wapi; aina ya usingizi na kama ulikupa shida; uzito wa mtoto; na maoni yake kuhusu uzazi ujao. Ni mistari tisa. Akisema ana haraka, mwombe nesi wa zamu, faili lipo palepale. Faili hilo ukilifuata mwaka wa tatu huenda usilipate.

Mimba inayofuata

Ipe nafasi. Kovu linahitaji muda, na ushauri wa kawaida ni kungoja miezi 18 hadi 24 kabla ya kushika mimba tena. Amua njia ya uzazi wa mpango kabla ya kutoka wodini, kwa sababu kunyonyesha peke yake hakulindi muda wote huo.

Ukishika mimba, anza kliniki mapema na uweke karatasi ile mezani siku ya kwanza. Omba ultrasaundi ya kuangalia kondo limekaa wapi, kisha irudiwe kama wiki ya 32 likionekana liko chini. Hatari mojawapo ya kuongeza operesheni ni kondo kujishika kwenye kovu na kugoma kutoka. Utafiti wa Marekani wa mwaka 2006 ulionyesha kwamba kwa wanawake ambao kondo lilikuwa limefunga njia, tatizo hilo lilitokea kwa asilimia 3 katika operesheni ya kwanza, 11 katika ya pili na 40 katika ya tatu. Anayetamani watoto watano na anayetamani wawili hawapimi operesheni isiyo ya lazima kwa mizani ileile, nawe mwambie daktari wako waziwazi unataka wangapi.

Kuhusu kujaribu njia ya kawaida: kwa takwimu za Uingereza, karibu robo tatu ya wanaojaribu baada ya kovu moja hufanikiwa, na mfuko hupasuka kwa kama mmoja kati ya 200. Takwimu hizo ni za mahali ambapo mama anaangaliwa muda wote na thieta iko mlango wa pili. Jaribu, ila usijaribu nyumbani, wala kwenye zahanati isiyo na thieta, wala kwa dawa za kienyeji za kuongeza uchungu. Zimepasua mifuko ya uzazi ya wanawake wengi. Kama unaishi mbali, sogea karibu na hospitali kuanzia wiki ya 38, kwa shangazi au kwenye chumba cha wajawazito wanaosubiri kama kipo. Uchungu ukianza nenda mara moja, usingoje ukolee, na neno la kwanza kumwambia nesi mlangoni liwe "nina kovu". Ukisikia maumivu makali yasiyoachia kati ya uchungu mmoja na mwingine, au uchungu ukikatika ghafla na damu ikaanza kutoka, paza sauti.

Ile karatasi ipige picha leo, kabla wino haujafifia. Mtumie mumeo, mtumie dada yako, na nakala moja ibanwe ndani ya kadi ya kliniki ya mtoto, maana hiyo haipotei nyumba yoyote.